Yule askari asiyepepesa macho: kikosi cha heshima ni nini hasa?

Ilianza na video ya nusu dakika. Tulikuwa barazani Kibokoni, baada ya isha, kijana mmoja akatugeuzia simu yake tuone. Askari wa London, koti jekundu, kofia ya manyoya meusi iliyomshukia hadi nyusi, anapiga hatua kuelekea kwa mtalii aliyesimama njiani mwake, kisha anamfokea kwa sauti iliyomfanya aruke pembeni. Mabishano yakaanza papo hapo. Mmoja akasema wale si askari, ni watu wa maonyesho waliovalishwa. Mwingine akaapa kwamba hawaruhusiwi kusema wala kucheka mpaka wastaafu. Ami, ambaye husikiliza zaidi kuliko anavyosema, akaweka kikombe chini akauliza: "Na hawa wetu wa sikukuu ya Jamhuri, wenye makoti mekundu? Wakaa kambi gani? Mbona siku nyengine hatuwaoni?"

Hakuna aliyemjibu vizuri usiku ule, nami nikiwemo. Nimeona nimjibu kwa maandishi, kwa sababu swali lake linaulizwa kila Desemba, na likaulizwa tena mwezi Oktoba 2025 tulipoona wanajeshi wakibeba jeneza la Raila Odinga hatua kwa hatua, mguu mmoja kama wote.

Tuanze na maneno. Lindo ni mahali pa kulinda, au ile zamu yenyewe ya kulinda. Gwaride ni askari waliopangwa kwa safu, wanaokwenda na kusimama kwa amri moja. Gwaride la heshima ni kundi lililopangwa kumpokea au kumuaga mtu mkubwa: yeye hupita mbele yao akawakagua, nao humpa heshima kwa silaha zao. Kikosi cha heshima, basi, ni kikosi cha jeshi kilichokabidhiwa kazi hizo, yaani gwaride, lindo la ikulu na mazishi ya kitaifa, ama muda wote, ama kwa zamu. Kwenye hizo "ama" mbili ndiko wengi wanakopotea.

Kabla ya hapo kuna jambo la msingi zaidi. Kulinda na kuheshimu ni kazi mbili, ingawa zote hufanyiwa mlangoni. Fikiria harusi ya hapa kwetu. Kwenye geti la ukumbi yupo bawabu anayetazama kadi na kuzuia wasioalikwa. Hatua chache ndani wapo wenye chetezo cha udi na mrashi, wanaokunyunyizia marashi unapoingia. Wote wamesimama mlangoni, wote wamevaa vizuri, lakini ukitokea ugomvi humwiti mwenye mrashi. Yeye yupo kutangaza kwamba nyumba hii inajua kupokea mgeni. Askari wa heshima ni mwenye mrashi wa dola. Tofauti ni kwamba huyu wetu, ukimvua lile koti, ni bawabu pia, na amefunzwa vita.

Hilo la kufunzwa vita ndilo wengi hawalikubali, na mfano unaolithibitisha vizuri ni wale wale wa London. Wenye kofia za manyoya wanatoka vikosi vitano vya askari wa miguu: Grenadier, Coldstream, Scots, Irish na Welsh. Ukiitazama tena ile video, angalia vifungo vya koti. Vikipangwa kimoja kimoja, huyo ni Grenadier. Viwili viwili ni Coldstream, vitatu vitatu Scots, vinne vinne Irish, vitano vitano Welsh. Hawa ni askari wa vita wanaopokezana zamu za ikulu. Mwaka 1982 Uingereza ilipopigana na Argentina visiwani Falkland, Scots Guards na Welsh Guards walipelekwa huko. Tarehe 8 Juni meli iliyowabeba Welsh Guards, Sir Galahad, ilipigwa kwa mabomu ya ndege, na 32 kati yao wakafa. Siku chache baadaye Scots Guards wakapanda mlima Tumbledown usiku, katika baridi kali, wakapigana kwa singe, kisu kinachochomekwa mdomoni mwa bunduki, ile ile singe tunayoiona iking'aa mbele ya ikulu.

Ndiyo maana neno "maonyesho" linaniudhi kidogo. Kazi yenyewe ni maonyesho, sikatai. Anayeifanya ni askari.

Nchi nyingine zimeamua kutenga watu. Marekani ina kikosi cha 3 cha askari wa miguu, maarufu kama The Old Guard, kilichoanzishwa mwaka 1784, ambacho mazishi ya kijeshi na magwaride ya Washington ni kazi yake ya kila siku. Ugiriki ina Walinzi wa Rais, wale Evzone unaowaona wamevaa sketi nyeupe yenye mikunjo 400 na viatu vya misumari chini, kila kimoja kizito kama jiwe. Wamechaguliwa kwa kimo kutoka kwa vijana wanaotumikia jeshi kwa lazima. Vatikani iko katikati: Walinzi wa Uswisi, walioanza mwaka 1506, wanashika mikuki ya kale langoni lakini pia ndio walinzi halisi wa Papa. Mwaka 1527 Roma ilipovamiwa, 147 kati yao walikufa wakimpa Papa nafasi ya kutoroka. Hadi leo askari wapya huapishwa tarehe 6 Mei, siku waliyokufa wale.

Sasa tumjibu Ami. Wale wenye makoti mekundu wakaa kambi gani? Wanakaa kambi zile zile unazozijua. Kenya haina kikosi kimoja kilichotengwa maisha kwa ajili ya gwaride. Kila sikukuu au ziara ya mgeni, jeshi hupanga nani atasimama. Askari wa nchi kavu huvaa koti jekundu, wa majini nyeupe, wa anga samawati. Sherehe ikiisha, makoti hurudishwa, wanavaa magwanda ya kijani na kurudi Nyali, Mariakani, Nanyuki, au Mtongwe ambako ndiko makao makuu ya jeshi letu la majini. Ni kama madrasa inapokaribia Maulidi. Ustadhi huchagua vijana wenye sauti na wenye kushika twari, huwafunza wiki kadhaa, huwavalisha kanzu za namna moja. Usiku wa Maulidi unawaona kama watu wa ajabu. Jumatatu wamo darasani na wenzao, wanasoma.

Hatuwaoni siku nyingine kwa sababu siku nyingine wana kazi nyingine. Jeshi letu liliingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na vikosi vyetu vimekuwa vikipokezana huko kwa miaka mingi. Mtu aliyesimama kama sanamu uwanjani huenda mwaka uliotangulia alikuwa amelala handakini.

Watu wengine huchanganya gwaride na ulinzi wa Rais. Ukipita Kizingo, karibu na Mama Ngina, kuna Ikulu ya Mombasa. Atakayekusimamisha getini ni polisi. Ulinzi wa Rais na makao yake hapa Kenya ni kazi ya polisi, wakiwemo GSU. Mwanajeshi unayemwona karibu na Rais kila mara, amevaa sare kamili, amesimama hatua moja nyuma ya kiti, ni mpambe wake, yaani msaidizi wake wa kijeshi. Kwa hivyo kwenye sherehe moja unaweza kuwaona wote pamoja: polisi wenye suti wanaotazama umati, mpambe anayemtazama Rais, na gwaride lisilomtazama yeyote. Ni wale wa kwanza pekee wanaolinda.

Kwa nini basi zahama yote hii ya kutembeza bendera na kupiga mizinga? Hapa ndipo pananipendeza zaidi, kwa sababu karibu kila kitendo cha gwaride kilianza kikiwa na kazi ya kweli.

Chukua bendera ya kikosi. Tarehe 12 Desemba, askari mmoja huipitisha mbele ya safu zote, polepole, huku bendi ikipiga. Zamani uwanja wa vita ulijaa moshi wa baruti, huoni mbele wala nyuma. Askari aliyepotezana na wenzake alikuwa na alama moja tu ya kumrudisha: bendera ya kikosi chake. Kwa hiyo ilikuwa lazima aijue kabla ya vita, ndipo ikapitishwa mbele ya macho ya kila mmoja. Mama wa Likoni anayemvusha mtoto kwenye feri saa kumi na mbili asubuhi analijua jambo hili bila kufundishwa. Kabla hawajaingia kwenye msongamano humwambia: "Itazame leso yangu. Ukipotea, itafute hii." Moshi wa vita umekwisha, leso bado inaonyeshwa.

Mizinga nayo inatoka baharini, na mtu wa Mombasa anapaswa kuielewa kuliko yeyote. Meli za kale zilikuwa na mizinga ambayo ikishapigwa huchukua muda mrefu kujazwa tena. Nahodha aliyekaribia bandari ya watu alipiga mizinga yake yote kuelekea baharini, kumaanisha: sina tena cha kukupigia, nimekuja kwa amani. Ngome ikajibu vivyo hivyo. Heshima ile ilikuwa kujivua nguvu mbele ya mwenyeji. Leo hupigwa baruti tupu isiyo na risasi, 21 kwa mkuu wa nchi aliye madarakani, na idadi hushuka kadiri ngazi inavyoshuka, ikibaki witiri. Mzee Moi alipozikwa Kabarak mwezi Februari 2020 alipigiwa 19, na redioni watu walipiga simu wakidhani amepunjwa. Hakupunjwa, alikuwa rais mstaafu.

Hata ile amri ya kutoa heshima kwa bunduki ina maana hiyo. Askari huisimamisha bunduki wima mbele ya kifua chake, mdomo wake ukitazama mbinguni. Katika mkao ule hawezi kumpiga mtu yeyote.

Na bendera inaweza kusema mambo makubwa kuliko silaha. Wazee wa Mji wa Kale waliokuwa watoto kabla ya uhuru wanaikumbuka bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar juu ya Fort Jesus. Kwa mkataba wa mwaka 1895, Waingereza waliutawala Mwambao huku ukihesabiwa kuwa mali ya Sultani. Kodi, mahakama na polisi walikuwa chini ya Mwingereza, lakini kitambaa kile kilikuwa kikisema nyumba ni ya nani. Kilikoma kusema hivyo mwaka 1963. Anayedhani bendera na gwaride ni mapambo tu, amuulize aliyeishi chini ya bendera ile, kisha akaiona ikishuka.

Gwaride letu nalo lina asili. King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, liliundwa mwaka 1902. Ilipofika 12 Desemba 1963, batalioni zake za 3, 5 na 11 zikageuka kuwa Kenya Rifles. Taifa jipya likarithi namna ya kupiga hatua na namna ya kupitisha bendera. Ndiyo sababu ukiitazama Jamhuri halafu ukatazama London unaona undugu.

Lakini Mombasa haikungoja uhuru kulimiliki gwaride. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa pwani walizisikia bendi za jeshi na za manowari, wakaona zile safu, wakazichukua wakazifanya ngoma. Ikaitwa beni, kutokana na bendi. Walivaa sare, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakajipa vyeo vya mfalme na jenerali, wakaenda kwa safu mitaani. Hapa Mombasa makundi mawili makubwa, Kingi na Scotchi, yalishindana kwa mavazi, kwa hatua na kwa nyimbo mpaka mji ukagawanyika. Wale waliona mapema kwamba watu wengi wakipiga hatua moja wanasema neno ambalo mtu mmoja hawezi kulisema, nao wakalisema kwa sauti yao.

Turudi kwa askari mwenyewe na mwili wake. Sikukuu ya Mashujaa mwaka 2019 ilifanyika hapa hapa Mama Ngina, tarehe 20 Oktoba. Nilikuwa nimesimama mahali nilipoweza kumwona mwanamaji mmoja upande wa uso. Jua lilikuwa limeshapanda. Tone la jasho lilitoka chini ya kofia, likapita mbele ya sikio, likakaa kidogo kwenye taya, likadondoka kwenye kola nyeupe. Likaja lingine. Nzi naye akaja, akatua chini ya jicho lake. Kope zilitikisika mara moja tu. Mkono haukunyanyuka.

Kusimama vile ni kazi ngumu kuliko kutembea, na sababu yake iko kwenye miguu. Damu hushuka miguuni kwa uzito wake. Unapotembea, misuli ya mashavu ya miguu hubana na kuachia, ikiisukuma damu irudi juu kama mtu anayekamua nguo. Ukisimama tuli, tena umekaza magoti, kazi ile inasimama. Damu inatuama chini, ya kichwani inapungua, na katika joto mishipa hutanuka ikazidisha hali. Ndipo unapomwona askari anaanguka, mara nyingi kifudifudi, mikono ikiwa bado ubavuni. Watu husema ni dhaifu, au hakula. Kutokula kunachangia, na kutokunywa maji zaidi, lakini askari mwenye misuli ya chuma huanguka vile vile. Waliofunzwa hujua njia: hawakazi magoti kabisa, na ndani ya viatu vidole vinacheza, visigino vinaelemewa kwa zamu, mashavu ya miguu yanabanwa na kuachiwa. Wewe unaona sanamu. Ndani ya buti kuna mtu anatembea.

Kuhusu kucheka na kusema: si kweli kwamba askari wa lindo ni bubu, wala si kweli kwamba unaweza kumfanyia utakalo. Wa London huweza kupiga mguu chini kumwonya mtu, kupaza sauti, kutembea hatua zake akikutaka upishe, na kuita wenzake. Yule wa kwenye video alikuwa kazini, na mtalii alikuwa njiani. Kumchezea askari aliye lindoni, kumshika silaha au kumwekea mkono begani ili upate picha, ni utovu wa adabu popote pale, na hapa kwetu ni hatari pia.

Limebaki lindo moja, nalo halina rais wala mfalme. Katika makaburi ya Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington, kuna kaburi la askari asiyejulikana jina. Tangu mwaka 1937 halijaachwa peke yake, usiku na mchana. Askari hutembea hatua 21, hugeuka, hutulia sekunde 21 akilitazama kaburi, kisha hurudi hatua 21. Hesabu ile ni ya mizinga ile ile. Usiku milango ya makaburi hufungwa, hakuna mtalii, hakuna kamera, na yeye anaendelea kutembea. Mwaka 1996 mwanamke wa kwanza alishika lindo lile. Nadhani hapo ndipo neno "maonyesho" linapokosa pa kushika, kwa kuwa hakuna anayeonyeshwa.

Nasi tuna wasiojulikana majina, wengi mno. Vita vya Kwanza vya Dunia vilichukua watu wa pwani na bara kuwa askari na wapagazi, na wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi bila kaburi la mtu mmoja mmoja. Kumbukumbu yao Mombasa ni zile sanamu za askari kwenye barabara ya Jomo Kenyatta. Nilipita pale wiki iliyopita. Utingo wa matatu alikuwa akiita abiria, mwenye mkokoteni amepumzika kivulini, na wale askari wa shaba wako juu yao, wamesimama.

Kijana mwenye simu alikuwa na swali lake pia, ambalo aliliacha hadi tunatawanyika: je, mtu anaombaje kuingia kwenye gwaride? Hakuna mlango wa gwaride. Ni kuandikishwa jeshini kama wengine wote jeshi linapotangaza, kupita mafunzo ya kuruta Eldoret, kupangiwa kikosi, na siku kikosi chako kikiitwa, kufundishwa hatua upya mpaka mguu wako na wa mwenzako visikike kama mguu mmoja. Uandikishaji ni bure, na anayekuomba pesa akuingize ni tapeli. Nilimwambia aanze na kusimama dakika ishirini juani bila kuegemea kitu. Kesho yake alinipigia simu. Amefika kumi na moja.